MNAWACHOMA WATOTO VICHWA KWA AJILI YA IDI



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, leo naandika jambo ambalo baadhi yenu mtaona si la kuandikwa na imamu. Mtasema Sheikh kamaliza mambo yote ya dini, sasa kaingia saluni. Someni kwanza mpaka mwisho, kisha mniseme.

Siku ya nne baada ya Idi, madrasa ilipofunguliwa, ustadhati anayefundisha watoto wadogo aliniita pembeni. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano ambaye hasomi, mkono umo ndani ya mtandio, anajikuna tu. Akiambiwa toa mkono, anautoa, baada ya muda kidogo anaurudisha. Ustadhati alipomfunua alikuta nyuma ya sikio na kwenye kisogo ngozi imebanduka, pana usaha, nywele zimegandana na vidonda. Alipomuuliza, mtoto akajibu: "Nimetiwa dawa ya Idi. Mama kasema nisijikune, zitaharibika."

Zisiharibike nywele. Kichwa je?

Tulimpeleka zahanati, akasafishwa na kupewa dawa ya kupaka na ya kunywa. Mama yake alikuja jioni. Wallahi si mama mbaya. Ni mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri, anapika vitumbua vya kuuza, na ana watoto wanne. Alilia, kisha akanieleza neno ambalo sikuweza kulipuuza: "Sheikh, nywele za huyu mtoto hazichaniki. Kila asubuhi ni vita. Analia yeye, nalia mimi. Nikaona bora nizilainishe mara moja, nipumzike."

Nitamjibu huyo mama hapa chini, kwa kuwa anastahili jibu. Lakini kuna wengine ambao hawana shida yake. Wao hawana vita asubuhi, wana picha za kupiga. Mahafali ya chekechea, dawa. Harusi ya shangazi, dawa. Mkesha wa Idi, foleni ya watoto wa miaka mitatu, minne, sita, wamekalishwa kwenye viti vya saluni miguu haifiki chini, wanaambiwa vumilia, uzuri una gharama. Nani kawaambia mtoto wa miaka minne ana deni la uzuri?

Tujue kwanza kinachotiwa. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi. Jina kubwa, lakini kitu chenyewe mnakijua. Ni kostiki soda, ile ile wanayotengenezea sabuni, na ile ile inayotumika kuzibulia mabomba yaliyoziba. Ziko nyingine zimeandikwa kwamba hazina soda hiyo, na boksi lina picha ya mtoto anacheka. Hizo nazo hutumia magadi ya aina nyingine makali, na zikiachwa muda mrefu au zikigusa kidonda huchoma vile vile. Namna zinavyofanya kazi ni kuvunja vile vifungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje. Kitu chenye nguvu ya kuvunja unywele hakisimami kikauliza, hapa pameisha unywele, hapa pameanza ngozi. Na ngozi ya mtoto ni laini kuliko yako wewe uliyemshika mabega.

Halafu ile "mara moja nipumzike" haipo. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Baada ya miezi miwili shina limetoka jipya, limejikunja vile vile alivyoliumba Allah, na utarudi saluni. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto aliyeanza na miaka mitano, akitiwa kila baada ya miezi miwili, akifika miaka kumi na mitano ametiwa mara sitini. Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wanawake zaidi ya elfu thelathini. Waliokuwa wakitumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, hatari yao ya kupata saratani ya mji wa mimba ilikuwa zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Sikuleta habari hii kuwatisha. Saratani hiyo si ya wengi, hao walikuwa wanawake wazima, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Lakini mwanamke mzima anachagua mwenyewe. Huyu wa miaka mitano umemchagulia wewe.

Sasa hukumu. Wapo wahubiri watakaowaambia kunyoosha nywele ni haramu moja kwa moja, ni kubadilisha maumbile ya Allah. Mimi sitasema haramu mahali ambapo sina dalili. Makatazo ya wazi kwenye nywele yapo kwa kuunga. Mwanamke wa Kiansari alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba binti yake kaolewa, kaugua, nywele zimepukutika, je, amuunganishie? Akamkataza, na akataja laana kwa mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Ama kunyoosha nywele zako mwenyewe, wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kwa mwanamke mtu mzima kwa sharti kusiwe na madhara. Shikeni hapo hapo kwenye sharti. Yule mtoto kichwa chake kina usaha. Yeye hana mume wa kumpambia, hana kalamu ya kuandikiwa dhambi, wala hana uwezo wa kukataa. Madhara kapata yeye, na dhambi imebaki kwa aliyemshika. Hiyo ndiyo hukumu ninayoijua, na haihitaji kitabu kikubwa.

Vivyo hivyo rasta ndefu zinazofika kiunoni kwa mtoto wa miaka mitatu. Wako waliosema nywele za nailoni si kama nywele za binadamu. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa tahadhari, na mimi siingii huko leo. Mwangalieni mtoto mwenyewe. Nyusi zimevutwa juu, macho yamekuwa membamba, usiku halali, na pembeni mwa paji la uso nywele zimeanza kukimbia. Nywele zikivutwa hivyo miaka na miaka, mahali pale hapaoti tena. Mnawaona akina mama wa miaka arubaini wenye vipaji vya wazee? Wengi wao hawakuzaliwa hivyo.

Na akina baba msikae mkitikisa kichwa mkisema wanawake hawa, wanawake hawa. Nakuja kwenu.

Wa kwanza ni yule anayempeleka mwanawe kwa kinyozi akatoka na kiduku. Huku na huku kipara, katikati jogoo. Wazee wetu walikuwa na neno lao kwa kichwa kilichonyolewa sehemu na kuachwa sehemu, wakiita denge. Kwa Kiarabu ni qaza'. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza, na kwa Abu Dawud iko riwaya ya mtoto aliyenyolewa hivyo, Mtume akaelekeza wamnyoe chote au wakiache chote. Imamu Nawawi ametaja kwamba wanazuoni wameafikiana ni makruhu, isipokuwa kwa matibabu. Kwa hiyo ukimnyoa sehemu kwa sababu ya mapunye au kidonda, hapana tatizo. Nimesema makruhu, sikusema haramu, msininukuu vibaya. Lakini baba anayejua kwamba Mtume wake kalichukia jambo, naye anatoa hela mfukoni mwanawe akafanyiwe, ajiulize hiyo hela anamfurahisha nani.

Wa pili ni yule mwenye ulimi, na huyu nimemwandikia makala yote haya.

Tuseme ukweli, sisi watu wa Pwani. Tumezipima koo kwa nywele. Msichana akiletwa posa, kabla hajaulizwa kama anaswali, bibi mmoja ataegemea kusema ana singa, mashaallah. Mwingine amezaliwa na kipilipili, ataambiwa ana roho nzuri. Mtoto anazaliwa, siku ya saba ya akika watu wanachungulia kichwa kabla ya kumwombea dua. Zikiwa laini, kafuata kwa baba yake. Zikiwa ngumu, hizo za upande wa mama. Halafu watu hao hao tunasimama kwenye mimbari, na mimi nikiwemo, tunasimulia khutba ya kuaga, kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchamungu.

Abu Dharr (r.a.) ni swahaba mkubwa, wa mwanzo mwanzo kusilimu. Amesimulia mwenyewe, na iko kwa Bukhari, kwamba siku moja alimtukana mtu kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba ndani yake bado mna ujahili. Swahaba huyo! Sasa wewe, baba wa watoto watatu, unapomtazama binti yako anachanwa ukasema "hizi nywele za mama yako hizi", umemfanyia mtoto wako mwenyewe lile lile, na mama yake yuko pale anasikia. Kesho yake atakuomba elfu kumi ya saluni na wewe utashangaa imetokea wapi.

Nasema haya kwa sababu nimeyafanya. Binti yangu mkubwa alikuwa na nywele nzito, zimejikunja sana, na mimi kijana mwenye mzaha nilikuwa nikimwita Katani. Binti Katani, njoo. Nyumba nzima inacheka, naye anacheka. Alipofika miaka sita ilikuja harusi ya mdogo wangu. Mke wangu akaniomba hela za saluni, nikatoa bila kuuliza. Aliporudi alikuwa na nywele zimelala kama za mtoto wa kwenye kalenda, na nikamsifu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuzisifu nywele zake. Usiku akaamka analia, mto umelowa maji ya vidonda. Pale utosini, mahali pa shilingi moja, hapakuota tena vizuri mpaka leo. Sasa ni mama wa watoto. Mwaka juzi nilimwomba radhi. Akaniambia, "Baba, kidonda nilikisahau. Jina sikulisahau." Kuwaitana majina ya kejeli kumekatazwa katika Suratul Hujurat, na mimi nilikuwa nikiifasiri sura hiyo kila Ramadhani.

Basi nirudi kwa mama wa vitumbua, maana swali lake ni la kweli. Nywele hazichaniki, afanye nini?

Mama, kwanza jua nywele hizo si kaidi. Unywele uliojikunja unakuwa mkavu kwa kuwa mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayatelemki kirahisi kwenye mizunguko yake, na unakatikia pale unapopinda. Ukiuchana mkavu, asubuhi, una haraka, na chanuo la meno ya karibu, lazima mtoto alie. Hata mtu mzima angelia. Usichane asubuhi. Chana siku moja ya wiki, jioni, umekaa. Bibi zetu walikuwa wakimkalisha mtoto mkekani katikati ya magoti, na kazi ilikwenda na hadithi. Lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Gawa kichwa mafungu manne, matatu yafunge, shika moja. Paka mafuta ya nazi, au ya mbarika ukiwa nayo. Fundo ulifungue kwa vidole kabla ya chanuo. Halafu chanuo la meno mapana, na hapa ndipo wengi mnapokosea, anza nchani. Ncha ikiachia panda kidogo, panda tena, mpaka shinani, huku mkono wa pili umeshika unywele karibu na ngozi ili kuvuta kusifike kichwani. Fungu moja likiisha, lisokote, nenda la pili.

Kisha suka. Twende kilioni ni nzuri, lakini mtoto akishindwa kufumba macho vizuri, umekaza, fumua. Au mfunge kwa uzi mweusi kama alivyofungwa mama yako. Na uzi si katika ile kuunga iliyokatazwa. Abu Dawud amenukuu kutoka kwa Said bin Jubayr, na kutoka kwa Imamu Ahmad, kwamba hapana ubaya kwa nyuzi za kusukia. Nywele zikishafungwa zikakaa wiki, zinazoea, zinanyooka kidogo zenyewe bila moto na bila soda. Usiku mvike kitambaa laini. Asubuhi hapana vita, ni mafuta kidogo na mtandio.

Utasema, maji je? Anajifunza kuswali, ataogaje, atatawadhaje? Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya misuko yake wakati wa kuoga janaba, kama aifumue. Hakumtaka aifumue, alimwambia inatosha kumimina maji kichwani mara tatu. Iko kwa Muslim. Na katika udhu ni kupaka tu. Dini imewapa nafasi wenye misuko tangu Madina. Lakini mtoto aliyepigwa pasi nywele zake kwa hela nyingi, mama yake atamwambia usiloweshe kichwa. Anafika miaka saba, umri wa kuamrishwa swala, na cha kwanza alichofundishwa ni kuyaogopa maji.

Na kama huna wakati hata wa hiyo siku moja, mpunguze. Punguza mpaka zishikike. Shule za serikali zinawapunguza na hakuna aliyekufa. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa shahidi Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaacha watu wake siku tatu, kisha akawajia akataka aletewe watoto. Abdullah bin Jaafar anasimulia, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, kwamba waliletwa kama vifaranga. Mtume akaagiza kinyozi aitwe, wakanyolewa vichwa. Baadhi ya wanazuoni wamesema ni kwa vile mama yao alikuwa kwenye msiba, hana nafasi ya kuwahudumia nywele. Wale walikuwa wavulana, na kwa binti mimi nasema kupunguza si kunyoa kipara. Lakini tazameni alivyoliona jambo. Watoto nywele zimewashinda wakubwa, akawapunguzia wakubwa mzigo, na watoto hawakusemwa neno.

Na si kwamba nywele za watoto hazikuachwa zikue. Ibn Abbas (r.a.) alilala kwa mama yake mdogo Maymuna, usiku akasimama kuswali kushotoni kwa Mtume (s.a.w.), naye akamshika msuko wake wa nywele akamhamishia kuliani. Mkono wa Mtume umeshika nywele za mtoto, na katika swala! Bukhari akaiweka hadithi hiyo kwenye mlango wa nywele. Mimi nikiisoma naona aibu kwa vile mikono yetu inavyozishika za watoto wetu.

Neno la dharura kabla sijasahau. Kama dawa imeshatiwa na mtoto anasema inawaka, usimwambie vumilia dakika zitimie. Osha hapo hapo, maji mengi, muda mrefu, na pakitoka malengelenge mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, usipake asali.

Kuhusu yule mtoto wetu, vidonda vimekauka, alhamdulillah, na mama yake kaniruhusu kuandika bila kumtaja. Tumekubaliana na bibi wawili wa mtaani, wasukaji wa zamani, watakaa kwenye baraza ya madrasa kila Alhamisi baada ya Alasiri, in shaa Allah. Mwenye mtoto ambaye nywele zake zimemshinda amlete. Aje na chanuo la meno mapana, mafuta, na uzi mweusi. Malipo hakuna. Akina baba nanyi mnaweza kuja kujifunza, mkeka ni mrefu.

Wallahu a'lam.